Jicho la mtoto lenye kimelea: dawa ipi itangulie

Mtoto wa miaka sita analetwa Dar kwa shangazi yake Mbagala kwa sababu mwalimu ameona anageuza kichwa akisoma ubaoni. Jicho si jekundu, haliumi, halitoi tongotongo. Mama anachosema ni kwamba jicho la kushoto linakimbilia pembeni, na kwamba kwenye picha ya simu iliyopigwa na flashi mboni ya upande huo inatoka nyeupe badala ya nyekundu. Hapo matone ya antibiotiki hayana kazi yoyote. Kinachotakiwa ni mtu wa macho kupanua mboni kwa dawa na kutazama nyuma ya jicho, wiki hiyohiyo.

Tunaandika hapa kuhusu vimelea vinavyoingia ndani ya jicho la mtoto wa kijijini na kuleta uvimbe, na zaidi kuhusu mpangilio wa tiba, kwa sababu madhara mengi hutokana na dawa sahihi iliyotolewa kwa zamu isiyo yake. Dozi tutakazotaja ni za kumsaidia mhudumu na mzazi kuelewa mpango wa daktari wa macho. Si za kununulia dukani.

Anza na ukubwa wa adui. Lava (mnyoo mchanga) ya Toxocara canis, mnyoo wa mbwa, haifiki hata nusu milimita. Kidude hicho peke yake hakiwezi kuharibu jicho zima. Kinachoharibu ni vita ya mwili dhidi yake: chembe za kinga zinamzingira, zinajenga kinundu cheupe, kinundu kinaota nyuzi za kovu kwenye ute wa ndani, nyuzi zinajikaza na kuivuta retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mpaka inabanduka. Na vita hiyo hupamba moto zaidi mnyoo anapokufa, kwa sababu akifa anamwaga protini zake zote kwa mpigo. Ndiyo maana kumpa mtoto dawa kali ya minyoo bila kifuniko cha dawa ya uvimbe ni hatari. Wanaoujua ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni) wanalielewa jambo hili vizuri: dawa ya zamani iitwayo diethylcarbamazine iliua vijiminyoo vya usubi kwa kasi kiasi kwamba ngozi na macho ya mgonjwa yaliwaka, na mtu mwenye usubi hapewi dawa hiyo. Ivermektini ilichukua nafasi yake kwa kuwa inavipunguza taratibu zaidi.

Lakini kanuni hii ina upande wa pili. Kimelea cha Toxoplasma si mnyoo. Ni kijidudu cha seli moja kinachozaliana ndani ya retina. Ukimpa mtoto mwenye Toxoplasma steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) peke yake, umeifungia kinga ya mwili mlango na kukiachia kijidudu uwanja, nacho kitakula retina bila kizuizi. Kwa mnyoo, kituliza uvimbe hutangulia au huenda sambamba na dawa ya kuua. Kwa Toxoplasma, dawa ya kuua hutangulia siku mbili au tatu, kisha steroidi inafuata. Anayechanganya haya mawili anaweza kupoteza jicho ambalo lingepona.

Sasa, kabla ya kidonge chochote, kuna mambo manne ya kuondoa njiani.

La kwanza na zito kuliko yote ni saratani ya retina, retinoblastoma. Nayo huleta mboni nyeupe na makengeza, na jicho huonekana tulivu vilevile. Umri unasaidia kidogo: retinoblastoma mara nyingi hugunduliwa kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, ilhali Toxocara ya jicho huwapata zaidi wenye miaka mitano na kuendelea. Usiutegemee umri peke yake. Altrasaundi ya jicho ndiyo inayosema zaidi: kwenye saratani hii kwa kawaida huonekana chembe za chokaa zinazong'aa ndani ya uvimbe, na mara nyingi jicho lina ukubwa wake wa kawaida, ilhali kwenye Toxocara huonekana kinundu pembeni na utando wa nyuzi unaotoka hapo kwenda kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu wa jicho. Maadamu retinoblastoma haijaondolewa, asitokee mtu wa kuchoma sindano ndani ya jicho hilo kuchukua ute wa kupima. Tundu la sindano linaweza kuitoa saratani nje ya jicho, na mtoto aliyekuwa apoteze jicho moja akapoteza maisha. Mtoto mdogo asiyetulia hupimwa akiwa kwenye usingizi wa dawa, macho yote mawili, mpaka pembe za mwisho za retina. Hapa Dar kazi hiyo ina mahali pake, hospitali za Muhimbili na CCBRT, kwa hiyo zahanati haina haja ya kubahatisha: iandike rufaa siku hiyohiyo na kueleza kwenye barua kwamba mboni ni nyeupe. Maneno hayo yanampa mtoto haraka anayostahili.

La pili ni kifua kikuu, pamoja na kaswende na VVU, ambavyo vyote huweza kuleta uvimbe ndani ya jicho au kuubadilisha. Uliza kuhusu kikohozi, homa za jioni, kupungua uzito, na kama nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za kifua kikuu.

La tatu wengi hulisahau: Strongyloides. Ni mnyoo wa tumboni unaopenya miguu ya watoto wanaotembea peku kwenye udongo wenye unyevu, na anaweza kuishi mwilini miaka mingi kimya. Mtoto akianzishiwa steroidi ya kumeza, mnyoo huyu huzaliana bila breki, anasambaa mpaka mapafuni na kubeba bakteria za utumbo kuziingiza kwenye damu. Watu hufa kwa hili. Kwa hiyo mtoto anayetoka shamba, kabla ya prednisoloni (aina ya steroidi) ya wiki kadhaa, apimwe au apewe ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 16 hiyo ni takriban kidonge kimoja cha miligramu 3, kwa siku mbili. Chini ya kilo 15 ivermektini haitolewi kwa kawaida, na daktari atachagua njia nyingine.

La nne ni chanjo na tetekuwanga. Mtoto anayetumia steroidi nyingi ya kumeza hapewi chanjo hai, kama ya surua, mpaka apumzike kama mwezi mmoja baada ya kumaliza. Muulize mama kama nyumbani kuna mtoto mwenye tetekuwanga sasa hivi.

Tuingie kwenye Toxocara yenyewe. Mbwa jike humwambukiza mtoto wake tangu tumboni, kwa hiyo vijibwa vya wiki chache ndivyo vinavyotoa mayai mengi kuliko mbwa mkubwa. Mayai hayaambukizi yakitoka mbichi. Yanahitaji kukaa udongoni wiki mbili hadi nne, kisha yanadumu hapo kwa miezi mingi, hata miaka. Mtoto anayekula udongo, au anayecheza chini ya mwembe ambako vijibwa hulala na kisha akala bila kunawa, huyameza. Ndani ya binadamu lava haikomai kuwa mnyoo mkubwa, haitagi, na kwa sababu hiyo choo kikipimwa hakitaonyesha kitu. Tumeona ni vema kulirudia hili: majibu ya choo "hakuna minyoo" hayasemi lolote kuhusu Toxocara ya jicho. Hata eosinofili, chembe nyeupe zinazopanda mwili ukipambana na minyoo, kwenye damu mara nyingi huwa za kawaida, na kipimo cha kingamwili cha damu kinaweza kutoka hasi wakati jicho limeathirika kweli. Macho ya daktari na altrasaundi ndiyo yanayoamua.

Tiba yake: uvimbe kwanza. Prednisoloni ya kumeza hutolewa kuanzia nusu miligramu hadi miligramu moja kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 16 kwa kipimo cha juu hupata vidonge vitatu vya miligramu 5, vyote asubuhi baada ya uji, visigawanywe mpaka usiku kwa sababu vitamnyima usingizi. Anaendelea hivyo wiki moja au mbili, kisha dozi inashushwa taratibu, nusu kidonge hadi kimoja kila wiki, kwa kufuata hali ya jicho. Asikatishwe ghafla baada ya wiki tatu; tezi zake zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza steroidi yake ya asili na zinahitaji muda kuamka. Mtoto aliyekatishiwa dawa akaanza kutapika, kulegea na kushuka presha si wa kupewa dawa ya malaria kwa mazoea tu, ni wa kukimbizwa hospitali.

Albendazoli, dawa ya kuua minyoo, huja chini ya kifuniko hicho. Kidonge kimoja cha miligramu 400 cha kampeni ya shuleni hakitibu jicho. Kinachotumika ni miligramu 400 mara mbili kwa siku, kwa siku tano mpaka wiki mbili, na wataalamu wengine huenda mbele ya hapo. Zikizidi wiki mbili, damu na ini vipimwe. Na kuna siri ndogo ambayo haiandikwi kwenye bahasha ya dawa: albendazoli hainyonywi vizuri tumbo likiwa tupu. Chakula chenye mafuta kinaweza kuongeza kiasi kinachofika kwenye damu hata mara tano. Ikiwa mnyoo anayetafutwa ni wa utumbo, hilo halina uzito. Ikiwa yuko kwenye jicho, ndilo kila kitu. Kwa hiyo mpe mtoto dawa na wali wa nazi, karanga, parachichi au maziwa mazito. Chai ya rangi na mkate mkavu haitoshi.

Retina ikishaanza kuvutwa na nyuzi, vidonge havizikati. Hapo ni upasuaji wa kuondoa ute na nyuzi, na matokeo yake ni mazuri zaidi uvimbe ukiwa umeshatulizwa kwanza. Niseme wazi: jicho ambalo kinundu kimekaa katikati kabisa ya retina halitarudi kuona herufi ndogo, hata tiba ikienda sawasawa. Mzazi aambiwe hivyo mapema, kwa upole, ili asihangaike baadaye kwa waganga akidhani dawa ilikuwa dhaifu.

Toxoplasma hutoka kwa paka, nyama isiyoiva vizuri na maji machafu, na watoto wengine huzaliwa nayo. Dalili yake kwa daktari ni kovu la zamani lenye rangi nyeusi kwenye retina, na pembeni yake doa jipya jeupe lenye ukungu juu yake, kama taa ya gari kwenye ukungu wa asubuhi Lushoto. Kipimo cha kingamwili ya IgG kikiwa chanya kinaonyesha tu kwamba mtoto aliwahi kukutana na kimelea, jambo la kawaida kwa watu wengi. IgG hasi ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu inakufanya utafute sababu nyingine.

Dawa zake za msingi ni pirimethamini na sulfadiazini pamoja na asidi foliniki, kwa wiki nne mpaka sita. Chukua mtoto wa kilo 20. Pirimethamini ni miligramu 1 kwa kilo kwa siku, baada ya siku mbili za kuanzia dozi maradufu. Sulfadiazini ni miligramu 100 kwa kilo kwa siku, yaani gramu 2, ambazo ni kidonge kimoja cha miligramu 500 mara nne. Prednisoloni inaanza siku ya tatu hivi, na isimalizike baada ya dawa za kuua kimelea. Steroidi iwe ya kwanza kuondoka.

Makosa ya hapa ni matatu, na la kwanza linatokea kwenye kaunta ya dawa. Asidi foliniki na asidi foliki zinatofautiana herufi chache. Asidi foliki imejaa kila duka kwa ajili ya wajawazito, na muuzaji asiyepata foliniki anaweza kutoa foliki kwa nia njema kabisa. Lakini foliniki inailinda mifupa inayotengeneza damu bila kukilisha kimelea, ilhali foliki inaweza kuidhoofisha pirimethamini. Kama foliniki haipo, rudi kwa daktari. Septrini ni mbadala unaokubalika na unaopatikana hata wilayani, kwa dozi atakayoipanga yeye. Kosa la pili ni kutopima damu kila wiki, maana pirimethamini hushusha chembe nyeupe na chembe sahani kimyakimya. La tatu ni kusahau G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake ni wa kawaida kwenye mwambao wetu, na dawa za salfa zinaweza kuvunja damu ya mtoto huyo. Mkojo ukigeuka rangi ya koka, simamisha dawa na mpeleke. Kunywa maji mengi nako ni sehemu ya dozi, kwa sababu sulfadiazini huganda kama mchanga kwenye figo.

Kuna kimelea cha tatu ambacho madaktari wa watoto wa vijijini wanapaswa kukifahamu. Mwaka 2002 Dkt. S. R. Rathinam na wenzake wa Madurai, kusini mwa India, waliandika kuhusu watoto wa vijijini, wengi wao wavulana, waliokuwa na kinundu cheupe mbele ya jicho, nyuma ya kioo chake cha mbele, na wote waliogelea kwenye mabwawa na mito ya kijiji. Alama zilielekeza kwenye minyoo bapa ya majini, jamaa wa mbali wa kichocho, na baadaye visa kama hivyo viliandikwa kutoka Misri. Kinundu kidogo hunyauka kwa matone ya steroidi. Kikubwa hufyonzwa kwa upasuaji, na jicho hutulia haraka baada ya hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye jicho jekundu na punje nyeupe chini ya mboni aulizwe swali moja ambalo fomu zetu hazina: unaogelea wapi?

Usubi nitaupitia haraka kwa kuwa una mpango wake. Maeneo kama Mahenge, Tukuyu na milima ya Tanga yana historia ndefu ya usubi, na ivermektini hugawiwa kwa kupima urefu: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, zaidi ya hapo vinne. Mtoto aliyehamia Dar ametoka nje ya zoezi la kijiji chake, na mzazi anatakiwa kuuliza.

Sasa matone, kwa sababu hapa ndipo tiba nyingi nzuri zinapofia. Uvimbe wa mbele ya jicho hutibiwa kwa prednisoloni ya matone ya asilimia 1, tone moja kila saa mtoto akiwa macho. Dawa hii ni unga ulioelea kwenye maji. Ikikaa, unga unazama. Chupa isipotingishwa vizuri mtoto anapata maji matupu wiki ya kwanza na unga mzito wiki ya mwisho. Mwambie mama hivi: "Mama, tingisha huku ukihesabu mpaka ishirini, halafu ndiyo ufungue." Mlaze mtoto, afumbe macho, weka tone kwenye kona ya karibu na pua, kisha mwambie afumbue, tone litateremka lenyewe bila kupigana. Bonyeza kona hiyo kwa kidole dakika moja ili dawa isishukie puani. Kama kuna tone jingine, subiri dakika tano.

Hesabu ya chupa ifanyike kabla mgonjwa hajapanda basi Mbezi. Chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Kila saa kwa saa 13 ni matone 13 kwa siku, 91 kwa wiki: chupa ya kwanza imekwisha siku ya saba. Wiki zinazofuata, kwa kushuka mara sita, nne, tatu, mbili na moja kwa siku, ni matone 112, na bado hujahesabu yaliyodondokea shavuni. Mtoto huyu anahitaji chupa tatu. Akipewa moja na kuambiwa "ikiisha njoo", nauli ya kutoka Ulanga ndiyo itakayoamua tiba yake. Chupa ikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28, na nyumbani kusiko na friji ikae pembeni ya mtungi wa maji, mahali penye kivuli.

Pamoja nayo huenda atropini, kupanua mboni ili irisi (duara lenye rangi) isigande kwenye lenzi. Kwa mtoto mdogo hutumika ya asilimia 0.5. Uso ukiwa mwekundu, mdomo mkavu na mwili kuchemka bila jasho, atropini imezidi. Iache na umrudishe hospitali.

Na steroidi ya matone hupandisha presha ya jicho, kwa watoto haraka kuliko watu wazima na mara nyingi bila maumivu. Presha ipimwe ndani ya wiki mbili za kuanza, na kila mwezi baada ya hapo. Tunasikitishwa sana na urahisi wa kupata matone yenye deksamethasoni mitaani. Jicho jekundu linapauka kwa siku mbili, mama anafurahi, anaendelea kununua kwa mwaka mzima, na mtoto anakuja na glakoma na mtoto wa jicho juu ya ugonjwa wa mwanzo. Soma kopo: jina likiishia na "-asone" au "-olone", hiyo ni steroidi, hata kama mbele limeandikwa jina la antibiotiki.

Uvimbe ukitulia, kazi iliyobaki ni ya ubongo. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, jicho lililokaa gizani miezi michache huwa jicho vivu: limepona, lakini ubongo umeacha kulisikiliza. Apimwe miwani kwanza, kisha jicho lisilougua lifunikwe saa mbili kwa siku, daktari akiona haja zinaongezwa mpaka sita. Tumia plasta juu ya ngozi, chini ya miwani. Kitambaa juu ya kioo mtoto huchungulia pembeni yake. Saa hizo afanye kazi ya karibu: kuchambua mchele, kushona shanga, kupaka rangi. Jicho lililofunikwa nalo lipimwe kila mwezi mmoja au miwili, kwa sababu likifunikwa kupita kiasi linaweza kuzembea lenyewe.